Kila Siku na Sababu Yake

Muleba, 24 Novemba 2024

Karani wangu Avit,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa" kwa kila kitu, halafu mtu akishakata ndipo anagundua hujakubali chochote. Ulikuwa hivyo tangu seminari. Kwenye karatasi angalau utalazimika kumaliza sentensi. Mpe Kamala jibu, yule dereva wa lori la ndizi. Anapita ofisini kwenu kila Ijumaa.

Mama anakusalimu kutoka Kanazi. Tangu arobaini ya baba hana wimbo mwingine: yule mtoto wa Klaudia alikaa nasi chini kwenye majani siku zote za matanga, hakuwa na haraka kama vijana wengine. Namwambia, mama, yule ni karani wa wakili, amezoea kukaa na kusubiri. Anacheka kidogo. Ni mara ya kwanza anacheka tangu Septemba.

Sasa sikiliza. Baba mdogo Rwegasira ameanza kuleta mtu kwenye kibanja, shamba letu la migomba. Mfanyabiashara wa Mwanza, viatu vyake vinang'aa. Alipima kwa hatua kutoka barabarani hadi karibu na kaburi la baba. Mama akamuuliza kwa heshima yetu ya Kihaya, waitu, unatafuta nini? Akajibu kwa adabu kabisa kwamba anatazama kama malori yataweza kugeuza.

Nimemwambia mama asiogope, hukumu ya Septemba iliyompa baba mdogo kibanja siyo mwisho, rufaa ipo. Nilitia sahihi mbele yako siku ileile ya arobaini, nimevaa kanzu ya baba, nimekalia kiti chake, wazee wananitazama. Baba mdogo naye alitazama. Ile ilikuwa kazi nzuri, Avit. Sikukushukuru vya kutosha.

Ila wakili wako alisema rufaa ikikubaliwa huenda shauri likarudi kusikilizwa upya, na safari hii tuwe na mashahidi. Baba alikataa kuwaita wazee mara ya kwanza. Alisema ni aibu kuwaburuta wazee wa ukoo mbele ya watu ili waseme kibanja ni cha nani. Sasa baba hayupo, aibu nitaibeba mimi. Waliokuwepo siku babu alipompa baba kibanja wamebaki wazee watatu: Ta Privatus yuko Kamachumu, shangazi Vestina yuko Nshamba, na Ta Felician kule Kimwani. Nataka tuwafuate wote kwa pikipiki yangu, mimi na wewe. Jumamosi tarehe 7 Desemba hadi Jumatatu, maana Jumatatu ni sikukuu ya Uhuru na huna kisingizio. Wewe utaandika watakachosema. Mimi nitaendesha taratibu, naapa, hata bibi akipita na baiskeli nitamwachia njia.

Gozbert


Kibeta, Bukoba, 28 Novemba 2024

Ndugu yangu Gozbert,

Nimepokea barua yako kwa mkono wa Kamala. Nashukuru kwa salamu za mama, Ma Restituta. Tafadhali mwambie sistahili sifa hizo.

Kuhusu safari, nimeifikiria kwa siku tatu. Desemba mvua ni nyingi, na barabara ya kupanda Kamachumu utakuwa unaijua kuliko mimi. Nauliza pia kama una helmeti mbili, siyo moja na ile kofia ya ujenzi. Vilevile wazee huenda wasipende kuandikwa. Pengine ingekuwa vema kusubiri hadi baada ya Noeli.

Lakini najua utasema kusubiri ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nakubali. Nitakuwa tayari saa moja asubuhi Jumamosi. Nitanunua tyubu ya akiba hapa mjini dukani kwa Nirav, maana za kwako nazikumbuka.

Umeuliza habari za rufaa, au hukuuliza, ila najibu. Karatasi zako ziko salama.

Avit


Kibeta, 28 Novemba 2024

Dada Benigna,

Tumsifu Yesu Kristo.

Najua huko katika nyumba ya malezi ya masista barua zenu zinafunguliwa kwanza na mlezi. Acha ajue na yeye. Sina mtu mwingine wa kumwambia, na mama yetu ukimwambia jambo Kibeta nzima wanaleta pole.

Nimempotezea Gozbert kibanja chao.

Hukumu ilitoka tarehe 18 Septemba. Kukata rufaa ni siku arobaini na tano. Mzee wake alifariki tarehe 29, kabla ya kutia sahihi. Wakili Mwesiga alikuwa anasafiri Dodoma, akanipa jalada, akasema: familia ikishajua nani anasimama badala ya mzee, atie sahihi, upeleke mahakamani. Nikaenda Kanazi siku ya mazishi, karatasi ziko kwenye mkoba. Dada, ungezitoa wewe? Watu wamekaa chini kwenye majani, mama anashikwa na wanawake wawili, na mimi nitoe kalamu niulize nani mrithi wa kibanja? Nikarudi nazo. Nikaenda tena Oktoba katikati, nikakuta wazee wamekubaliana kwamba musika, yaani mrithi, atasimikwa siku ya arobaini, na kabla ya hapo neno la kibanja halizungumzwi ndani ya nyumba ile. Nikaona ni sawa. Nikafikiri hivi, na ndiyo dhambi yangu yote: arobaini ni pungufu ya arobaini na tano. Tutakuwa na siku tano za ziada.

Nilizihesabu kutoka mahali pamoja. Zao zilianza mzee alipokufa, na zetu zilikuwa zimeanza siku kumi na moja kabla. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi tarehe 2 Novemba, ikasogea hadi Jumatatu tarehe 4. Misa ya arobaini ikawa tarehe 9. Gozbert akatia sahihi huku anatabasamu. Jumatatu tarehe 11 nikiwa kwenye foleni ya kupeleka, najaza tarehe ya hukumu, ndipo nikaona. Nikatoka kwenye foleni. Mtu wa nyuma yangu akanishukuru.

Siku saba tu, dada. Kuna maombi ya kuongezewa muda. Kwa msiba, kwa siku saba, wangetusikiliza. Nilitakiwa kumwambia wakili siku ileile. Aliporudi aliuliza, akiwa amesimama mlangoni, "Yale ya Kanazi umepeleka?" Nikasema, "Tayari, mzee." Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka kama mtu anavyojibu salamu.

Kwenye maombi ya namna hiyo, kila siku ya kuchelewa lazima ielezwe sababu yake. Leo ni siku ya ishirini na nne. Naogopa kupoteza kazi, na mama anaitegemea. Namwogopa Gozbert pia, siyo kwamba atanipiga. Naogopa atakavyonyamaza.

Ameniomba tusafiri pamoja kutafuta mashahidi wa rufaa ambayo haipo. Nimekubali.

Mdogo wako,
Avit


Muleba, 2 Desemba 2024

Avit,

Milele na milele, amina.

Sista mlezi ameisoma, akanipa, akaniruhusu kukujibu nje ya siku ya barua. Hilo peke yake likuonyeshe.

Mtakapotoka Kanazi na kushuka Kemondo, mwambie. Usisubiri kupanda Kamachumu. Usisubiri mkae chini, wala chakula kiive, wala mvua ikatike. Nakujua. Wewe huchelewa kwa heshima. Tangu utoto ulikuwa unasimama mlangoni mwa watu bila kubisha hadi wao watoke. Mama aliita hiyo malezi mema, na mimi nilifikiri hivyo pia.

Beba zile karatasi. Ukishindwa kusema, mpe azisome.

Nakuombea. Jibu ukirudi.

Dada yako,
Benigna


Muleba, 12 Desemba 2024

Karani,

Umefika salama? Mimi mgongo unauma, na keria ya nyuma imepinda pale ulipoishikilia siku nne. Fundi mwenzangu ameuliza nilibeba nini. Nimemwambia nilibeba sheria.

Nimekuwa nikiikumbuka safari yetu, kituo baada ya kituo, kama mtu anayerudia sala. Kanazi mama alitufungia senene kwenye jani la mgomba na kukukabidhi wewe, siyo mimi mwanawe. Kemondo ulisema, "Simama kidogo," nikasimama, ukatazama ziwa muda mrefu, halafu ukasema basi twende. Kamachumu Ta Privatus alitupa kahawa ya kutafuna, akakumbuka kila kitu: babu alikaa upande gani, nani alishika mkuki, na kwamba Rwegasira alikuwepo, kijana, akapiga makofi kama wengine. Uliandika vizuri sana. Mkono wako haukutetemeka wakati wa kuandika. Nilitazama.

Jumapili tukapata pancha kabla ya Nshamba, mvua ikatunyea hadi tukafanana na kuku. Shangazi Vestina akasema huyu mwenzako ana homa, akakulaza, akakupikia uji. Naye yuko tayari kuapa. Alisema, "Nitasema hata mbele ya Rwegasira mwenyewe, nilimbeba mgongoni, hanitishi."

Jumatatu Kimwani. Ta Felician hakumbuki chochote. Aliniita kwa jina la babu na kuniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nikamwambia wamekunywa. Ulilia, Avit. Nikajiambia ni kwa ajili ya mzee.

Ulitakiwa kuwa kazini Jumanne, na mimi nikasema injini imechemka, tulale Rubya, kwenye seminari yetu ya zamani. Injini haikuwa imechemka. Nilitaka siku moja zaidi. Tulikaa kwenye ukuta tukitazama uwanja tuliochezea mpira, nikakuuliza una jambo gani. Ukasema umechoka na safari.

Mnunuzi ataanza kufyeka baada ya Noeli, baba mdogo amemwambia mama hivyo kwa sauti ya upole. Kwa hiyo nakuuliza tena kwa karatasi, maana kwenye karatasi unamaliza sentensi. Rufaa yetu imefika wapi?

Nijibu upesi.

Gozbert


Kibeta, 15 Desemba 2024

Dada Benigna,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sikumwambia. Najua utakavyosoma mstari huo, kwa hiyo nimeuandika kwanza.

Nilianza mara tatu. Kemondo nilimwambia asimame. Alizima pikipiki, akavua helmeti, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejiandaa kusikia kichekesho. Sikuweza kuuvunja. Kamachumu, baada ya mzee kutupa kahawa, nilifikiri sasa. Lakini mzee ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, ananiita mwana wa sheria, anashukuru Mungu kwamba ukoo umepata msomi wa kuusemea. Nikaandika aliyoyasema. Niliandika kurasa sita, dada, kila neno, kana kwamba nikiandika vizuri karatasi yenyewe itageuka kuwa kitu.

Nshamba nilikuwa na homa ya kweli. Nililala mchana mzima. Nilipoamka mvua imekwisha, nguo zangu zimeanikwa kwenye kamba, mkoba wangu umefutwa tope na kuwekwa kichwani mwa kitanda. Gozbert alikuwa nje, anafunga mnyororo. Kuanzia hapo alizungumza kidogo. Nilifikiri amechoka.

Rubya aliniuliza waziwazi. Tulikuwa tumekaa pale ukutani. Alisema, "Avit, kama una neno, sema. Mimi si baba yako." Nikasema nimechoka na safari. Akangoja. Tulikaa hivyo hadi kengele ya jioni ikalia. Halafu akasema twende tukale.

Juzi nimepokea barua yake, anauliza rufaa imefika wapi. Barua iko hapa mbele yangu. Nimeanza kumjibu mara nne. Naona Noeli hiyo inakaribia, ya kwanza bila mzee wao. Ma Restituta atakuwa jikoni na wajukuu. Siwezi kumpelekea hili wiki hii. Nitamwandikia mara tu baada ya sikukuu, naahidi mbele yako na mbele ya Sista.

Avit


Muleba, 19 Desemba 2024

Avit,

Umesoma ulichoandika? Ulisubiri arobaini ipite. Sasa unasubiri Noeli ipite.

Nimemwomba Sista ruhusa ya kwenda kwa Gozbert mwenyewe, yuko kilomita nne kutoka hapa. Amekataa. Amesema neno hili si la kubebwa na dada. Nimelia, halafu nikaona ana haki.

Andika leo.

Benigna


Kibeta, 27 Desemba 2024

Gozbert,

Sijui namna ya kuanza, kwa hiyo naanza na tarehe.

Rufaa haikupelekwa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu tarehe 4 Novemba. Ulitia sahihi tarehe 9. Kosa la kuhesabu ni langu peke yangu: nilichukua siku arobaini za matanga nikaziweka ndani ya siku arobaini na tano za sheria, nikasahau kwamba hazikuanza pamoja. Niligundua tarehe 11. Sikumwambia wakili. Sikukwambia wewe. Niliposema karatasi zako ziko salama nilimaanisha ziko kwenye mkoba wangu.

Nilikuwa nazo safari nzima. Nilizibeba ili nikupe, na sikukupa.

Najua kwamba hata Noeli nimeisubiri ipite. Sitajitetea. Kama ungependa kuja hapa na kunitolea maneno mbele ya watu wa ofisini, uje, sitajificha. Ila nakuomba usimwambie Ma Restituta kwamba nilikuwa na karatasi zile siku aliponipa senene.

Bado kuna njia ya kuomba muda uongezwe, ingawa ni nyembamba. Ningehitaji kuapa kwa maandishi. Niambie unachotaka nifanye, nitafanya.

Avit


Muleba, 6 Januari 2025

Avit,

Nilijua.

Nilijua tangu Jumapili, Nshamba. Ulikuwa umelala na homa, mvua inaingia kwa shangazi kupitia dirisha, na mkoba wako uko chini, majini. Nikaufungua nitoe shati zako nizianike. Shati zote zilikuwa zimelowa. Chini kabisa kulikuwa na bahasha, imefungwa kwa plastiki mara mbili na mpira juu yake. Haikupata hata tone. Nikasema hapa karani ameficha nini, barua za msichana? Nikafungua ili nikutanie ukiamka.

Nikaiona sahihi yangu. Nikakaa kwenye kigoda, nikageuza kila ukurasa. Mimi si mwanasheria, lakini najua karatasi iliyopelekwa mahali huwa na mhuri, na zile zilikuwa safi kama zilivyotoka mkononi mwangu.

Nikaifunga kama ulivyoifunga. Nikaanika shati zako.

Unajua kwa nini sikukuamsha? Nilisema huyu ni Avit. Nikimshika nayo atasema lolote, ataapa lolote, kwa woga. Nikasema nimwache aseme mwenyewe, akisema mwenyewe bado nina rafiki, na mengine tutayakimbiza pamoja. Kwa hiyo nikaenda hadi Kimwani kwa mzee ambaye nilishajua hatatusaidia. Nikadanganya injini imechemka. Nilikukalisha pale ukutani Rubya kama mtu anayemtegea ndege. Kumbe na mimi nilikuwa nasubiri kwa heshima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilipoteza siku mbili zangu kwa namna ileile ya kwako, na baada ya hapo nikakuandikia barua na kungoja jibu wiki mbili na zaidi.

Barua yako aliniletea Kamala Jumatatu tarehe 30 asubuhi. Mchana ule mama alinipigia kutoka Kanazi. Walikuwa wamekuja na mapanga na msumeno. Nilipofika, migomba yote ya mbele ilikuwa chini, na mibuni ile mitatu ya babu. Baba mdogo alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Akaniambia, "Mwanangu, mngekata rufaa tungesimama." Aliisema kama mtu anayetoa pole.

Kaburi wameliacha. Wamelizungushia kamba. Tumepewa ruhusa ya kuja kusali siku ya kumbukumbu yake, tukitoa taarifa kwanza.

Mama yuko hapa Muleba, kwenye chumba changu kimoja. Analala kitandani, mimi nalala dukani kati ya tairi. Hajui la mkoba. Sikumficha kwa ajili yako, nimemficha kwa ajili yake. Kila asubuhi anauliza kama yule mtoto wa Klaudia amepata njia.

Nimekwenda kwa wakili mwingine. Amesema nafasi ni ndogo sana, lakini bila kiapo cha karani hakuna hata hiyo ndogo. Sihitaji pole yako. Naomba kiapo. Kila siku na sababu yake.

Gozbert


Kibeta, 22 Januari 2025

Gozbert,

Nimeapa. Nilikwenda kwa kamishna wa viapo juzi Jumatatu, na nakala halisi ninampa Kamala pamoja na barua hii. Ilinichukua wiki mbili baada ya barua yako, na hizo nazo zimo ndani.

Kwanza nilimwambia wakili Mwesiga. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kuna majalada mengine ya namna hiyo, nikasema hakuna, akasema hawezi tena kujua kama nasema kweli. Nimekabidhi funguo. Mama hajaacha kulia, lakini hilo si lako.

Halafu nilimpelekea wakili wako mpya rasimu aisome. Lazima nikueleze alichosema, maana atakuambia na wewe. Alisema nimeandika kweli tupu na kwa kweli hii hatutapata kitu: uzembe wa karani si sababu inayokubalika, na ukimya wa karani ni mbaya zaidi. Akaniuliza kama sikuwahi kuumwa katika miezi hiyo. Nikasema niliumwa Nshamba, siku moja. Akasema, "Ungeumwa kuanzia Novemba." Alinitazama hadi nikaelewa. Kuna watu wanaotoa vyeti vya ugonjwa kwa pesa.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Kwa mara ya kwanza uongo wangu ungekusaidia. Nilidanganya wakili wangu bila kupanga, nilikudanganya wewe siku nne nikiwa nimekaa nyuma yako, na sasa nilipoombwa uongo mmoja wenye faida, niliukataa. Nisingependa ufikiri ni uaminifu. Niliogopa jela. Nimeapa kweli kwa sababu ileile iliyonifanya ninyamaze.

Kwa hiyo kiapo ninachokutumia hakitakurudishia kibanja. Mimi najua, wakili wako anajua, na sasa unajua. Peleka hata hivyo, kama utaona inafaa.

Siku zenyewe ni sabini na saba. Saba za kwanza zina sababu, ni msiba, na yeyote angezikubali. Kuanzia tarehe 11 Novemba nimeandika moja moja. Siku niliyotoka kwenye foleni. Siku niliyosema tayari, mzee. Siku niliyokuandikia kwamba karatasi ziko salama. Kwa nyingi nimeandika neno moja, nilihofia, na kamishna aliponisomea kwa sauti alichoka, akaanza kuliruka.

Alisimama kwenye tarehe 7 hadi 10 Desemba. Nilikuwa nimeacha nafasi tupu. Akasema kiapo hakiachi nafasi, andika kitu, ulikuwa wapi? Nikasema nilikuwa safarini na mwenye shauri. Akauliza, "Mkiwa wawili?" Nikasema ndiyo, kwenye pikipiki moja. Akauliza karatasi zilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nimezibeba. Akaweka kalamu chini akaningoja, kama ulivyoningoja ukutani Rubya.

Nikaandika: kwa siku hizi nne sina sababu. Akagonga mhuri.

Avit